Mama peke yake hampi mtoto selimundu

*Kanda ya Ziwa, mtoto mmoja kati ya watano huzaliwa na jeni ya ugonjwa huu. Lawama nyumbani huelekea upande mmoja, na mjadala wa lini watu wapimwe haujaisha: siku ya kuzaliwa, au kabla ya harusi?*

Muuguzi hukipasha moto kisigino cha mtoto kwa kiganja chake, akakichoma kwa sindano fupi, tone la kwanza akalifuta, na yanayofuata akayadondoshea kwenye viduara vilivyochapwa juu ya karatasi nene. Mtoto atalia, mama atampa ziwa, kadi itawekwa kivulini ikauke. Kisha itatiwa kwenye bahasha na kuanza safari, kutoka vituo vya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega hadi maabara ya Hospitali ya Rufaa ya Bugando, jijini Mwanza.

Kadi hizo zilikusudiwa kazi moja: kupima Virusi vya Ukimwi (VVU) kwa watoto waliozaliwa na mama wenye maambukizi. Lakini tone la damu likikauka halipotezi habari zake nyingine. Watafiti wakazirudia kadi zilizokwisha kutumika, safari hii wakitafuta selimundu, ugonjwa ambao mitaani unaitwa zaidi sikoseli.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Sampuli zilikuwa 17,200 kutoka mikoa tisa ya kaskazini magharibi mwa Tanzania, Simiyu ikiwamo. Asilimia 20.3 ya watoto walikuwa wamebeba jeni moja ya selimundu bila kuugua. Asilimia 1.2 walikuwa na ugonjwa wenyewe.

Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, ulikuwa na watu 2,140,497 katika sensa ya mwaka 2022. Pigia hesabu mmoja kati ya watano, hata kwa kukadiria, na utaona kwamba hii si habari ya kaya chache zenye mkosi. Hata hivyo, mtoto anapougua, swali la kwanza ukweni ni lile lile la siku zote: ugonjwa huu umetoka upande wa nani?

"Alizaliwa mzima"

Selimundu haimpokei mtoto mlangoni. Miezi ya mwanzo ananyonya, anaongezeka uzito, na mstari wa kadi yake ya kliniki unapanda. Akikaribia miezi sita, pengine zaidi kidogo, vidole vinavimba, mgongo wa kiganja unajaa, na akishikwa mguu analia kilio ambacho ziwa halikinyamazishi. Macho yanaingia umanjano. Bandama inakua mpaka mama anaigusa chini ya mbavu za kushoto wakati wa kumwogesha. Halafu siku moja inakuja homa, damu inashuka, na familia inajikuta wodini ikitafuta ndugu wa kuchangia.

Asiyejua atauliza, na ana haki ya kuuliza: kama ni ugonjwa wa kurithi, mbona alizaliwa mzima?

Jibu limo ndani ya damu. Mtoto akiwa tumboni hutumia hemoglobini ya kichanga, yenye uwezo mkubwa wa kuvuta oksijeni kutoka kwenye damu ya mama. Hemoglobini hiyo hutengenezwa kwa msaada wa jeni nyingine, kwa hiyo kasoro ya selimundu haiigusi. Baada ya kuzaliwa inapungua kidogo kidogo, na ile ya ukubwani inashika nafasi yake. Hapo ndipo kasoro ambayo mtoto alikuwa nayo tangu mimba kutungwa inapojitokeza.

Kwa macho ya jirani, ni kitu kilichomwingia mtoto njiani. Jicho la mtu, au mkono wa mtu.

Herufi moja tu

Taja DNA kwenye kijiwe chochote cha Bariadi na mazungumzo yatahamia kwenye kesi ya nani baba wa mtoto. Magazeti yametuzoesha hivyo. Kumtafuta baba ni sehemu ndogo sana ya kazi ya vinasaba.

DNA ni uzi mwembamba mno uliojikunja ndani ya kiini cha seli. Umeandikwa kwa herufi nne za kikemia: A, T, G na C. Seti moja ya binadamu ina herufi kama bilioni tatu, na kila mtu ana seti mbili, moja ya baba na moja ya mama, zilizopangwa katika jozi 23 za kromosomu. Jeni ni kipande cha uzi huo chenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani mwilini, mara nyingi protini. Jeni za namna hiyo ziko kama 20,000.

Moja kati yake, iitwayo HBB, imekaa kwenye kromosomu ya 11. Inatoa maelekezo ya sehemu ya hemoglobini, ile protini inayozipa chembe za damu wekundu wake na kubeba oksijeni. Katika selimundu, mahali palipopaswa kusomeka GAG panasomeka GTG. Herufi A imekuwa T. Hakuna kosa jingine.

Kwa herufi hiyo moja, kiungo cha sita kati ya 146 vinavyounda mnyororo wa protini kinabadilika: asidi ya glutamiki inatoka, valini inaingia. Oksijeni ikipungua, hemoglobini yenye valini inashikana na nyingine kama yake na kujenga fimbo ndefu ndani ya chembe. Chembe inapinda kama mundu, inakuwa ngumu, inanasa kwenye mishipa midogo ya mifupa, mapafu na ubongo. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hii huvunjika baada ya siku 10 hadi 20, na uloto unashindwa kufidia kwa kasi hiyo. Maumivu yanatoka kwenye kunasa, na kuishiwa damu kunatoka kwenye kuvunjika.

James Herrick alizieleza chembe hizo Chicago mwaka 1910, kwa mgonjwa kijana kutoka kisiwa cha Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba tatizo liko kwenye hemoglobini, na katika miaka ya 1956 na 1957 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akakipata kiungo chenyewe kilichobadilika. Selimundu ikawa ugonjwa wa kwanza duniani wa kurithi kufuatiliwa hadi kwenye badiliko moja la protini.

> Mahali palipopaswa kusomeka GAG panasomeka GTG. Hakuna kosa jingine.

Zizini kila mtu anajua

Mfugaji wa Meatu au Itilima anapotafuta dume la mbegu hachukui lolote lililosimama mnadani. Anauliza mama yake alikuwa na maziwa kiasi gani, analitazama umbo, anakumbuka ndama waliotangulia. Anajua nusu ya ndama ni ya dume. Ndama akizaliwa dhaifu, hakuna anayelishika jike peke yake na kulirudisha lilikotoka. Ajabu ni kwamba elimu hiyo inaishia kwenye lango la zizi.

Twende kwenye hesabu. Jeni ya kawaida ya hemoglobini huandikwa A, ya selimundu S. Kila mtu ana mbili. Mwenye AA hana jambo. Mwenye AS amebeba jeni lakini haugui, kwa sababu A yake inatosha kuendesha kazi; anaweza kulima pamba tangu ujana hadi uzee asijue kamwe. Mwenye SS ndiye mgonjwa.

Mzazi humpa mtoto jeni moja tu kati ya mbili zake, na hachagui ipi. Wazazi wawili wenye AS wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, mbili kati ya nne ya kuwa AS, na moja kati ya nne ya kuwa AA. Ili mtoto awe SS, lazima S moja itoke kwa baba na nyingine kwa mama. Mama mwenye AS aliyezaa na mwanaume mwenye AA hawezi kupata mtoto SS, hata akizaa kumi.

Kuna kosa ambalo hata waliosoma hulifanya. Wakiambiwa "moja kati ya nne", wanadhani mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa, watatu wanaofuata wako salama. Sivyo. Mimba ya pili haijui kilichotokea kwenye ya kwanza, na hesabu inaanza upya kila mara. Ipo familia yenye watoto watano wazima na ipo yenye watatu wagonjwa kwa mfululizo, na zote mbili zimetoka kwa wazazi wa aina ile ile.

Sasa rudi kwenye kadi za Bugando. Kama mtu mmoja kati ya watano ni AS, basi katika kila ndoa 25 kuna moja hivi ambayo wote wawili ni AS. Robo ya watoto wa ndoa hiyo ni SS, yaani mtoto mmoja katika kila mia wa jamii nzima. Maabara ilipata asilimia 1.2. Kanuni aliyoianzisha Gregor Mendel kwa kuotesha njegere katika karne ya 19 inaonekana wazi kwenye viganja vya watoto wa Kanda ya Ziwa.

Si kila sifa inafuata njia nyoofu hivi. Urefu, rangi ya ngozi, uwezekano wa kupata kisukari au shinikizo la damu, hizo zinaguswa na jeni nyingi kwa pamoja, na chakula na maisha vinaongeza lake. Kwa hizo hakuna wa kukuambia "moja kati ya nne".

Deni la malaria

Kwa nini jeni yenye madhara namna hii imejaa hapa, na si Njombe au Arusha mjini? Jibu lilitafutwa jirani kabisa na Simiyu.

Anthony Allison, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, aligundua alipokuwa akipima damu za watu wa Afrika Mashariki kwamba selimundu ilikuwa nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na chache kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ramani ya jeni ilikuwa ramani ya mbu. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake: mwenye AS ana kinga dhidi ya malaria kali.

Miaka miwili baadaye alitoa takwimu za wilaya ya Musoma ambazo hadi leo zimo kwenye vitabu vya vyuo vikuu duniani. Alipima watoto wachanga 287 na watu wazima 654. Kwa wachanga, 89 walikuwa AS na 9 walikuwa SS. Kwa watu wazima, 249 walikuwa AS na 5 tu walikuwa SS. Weka kwa asilimia: wabebaji walikuwa 31 kwa mia utotoni, na 38 kwa mia ukubwani. Wagonjwa walishuka kutoka zaidi ya watatu kwa mia hadi chini ya mmoja.

Namba hizo ni kavu lakini zinasomeka kwa uchungu. Wenye SS walikufa kabla ya kukua. Wenye AA nao walipungua kwa malaria. Wenye AS ndio waliobaki kwa wingi na kuzaa, na jeni ikazidi kukaa. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba AS hupunguza hatari ya malaria kali kwa kiasi kinachokaribia asilimia 90.

Onyo moja hapa. Kinga hiyo ni ya AS peke yake. Mtoto mwenye SS akipata malaria yuko hatarini kuliko wenzake wote, na chandarua kwake si jambo la hiari.

Lawama inakokwenda

Mkoa wa Shinyanga wa zamani, ambao Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa sehemu yake, unajulikana kwa historia ya vikongwe kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Macho mekundu ya bibi aliyepikia moshi miaka yote yalitosha kuwa ushahidi. Katika mazingira kama hayo, kifo cha mtoto ambaye "alizaliwa mzima" si msiba tu. Kinaweza kumweka mtu mwingine hatarini.

Ualbino umepita njia hiyo hiyo, kwa ukatili mkubwa zaidi. Nao hurithiwa kwa jeni mbili, moja kutoka kila mzazi. Kwa Tanzania aina iliyo nyingi inatokana na kipande kilichokatika kwenye jeni iitwayo OCA2. Baba mweusi na mama mweusi wanapata mtoto mwenye ualbino bila mtu wa nje kuhusika. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 Kanda ya Ziwa ikawa kitovu cha mauaji ya watu wenye ualbino, na Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Marufuku inamzuia mganga. Haimwelezi mume kwa nini mtoto wake amezaliwa vile.

> Mama mwenye AS aliyezaa na mwanaume mwenye AA hawezi kupata mtoto SS, hata akizaa kumi.

Tupime lini?

Hapa ndipo watu wenye nia njema wanapogawanyika.

Upande mmoja unasema vipimo vifanyike kabla ya ndoa, pengine kwa lazima, makanisani na misikitini, kama ilivyozoeleka kwa VVU. Mfano wao ni Saudi Arabia, ambako tangu mwaka 2004 wachumba hupimwa selimundu na thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, kwa mujibu wa sheria, ingawa hawakatazwi kuoana. Mwaka huo wa kwanza asilimia 9.2 ya wachumba waliokutwa na hatari waliachana kwa hiari. Kufikia mwaka 2009 walikuwa asilimia 51.9.

Upande wa pili unauliza: je, binti atakayeachwa baada ya majibu, nani atamposa tena kijijini? Kijana AS ataondoka kimya na kutafuta kwingine, ila habari za msichana hufika hadi mnadani. Historia inawapa nguvu. Marekani ilipitisha sheria ya selimundu mwaka 1972 katika wimbi la upimaji lililochanganya wabebaji na wagonjwa. Baadhi ya wabebaji walinyimwa kazi na bima, na chuo cha jeshi la anga kiliendelea kuwafungia mlango hadi 1981. Watu wazima kabisa, wasioumwa chochote.

Wanaotaka kupima siku ya kuzaliwa wana hoja ya tatu, na kwa Simiyu ndiyo inayoonekana nzito. Makadirio ya kawaida ni kwamba Tanzania huzaliwa watoto kama 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na kwamba barani Afrika nusu au zaidi ya watoto kama hao hufa kabla ya miaka mitano pasipo matunzo. Wengi hufa bila jina la ugonjwa kuandikwa popote. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1986 ulionyesha kwamba penisilini ya kunywa kila siku hupunguza maambukizi hatari ya bakteria kwa asilimia 84 kwa watoto hawa. Dawa ni ya bei ndogo, lakini humfaa mtoto anayejulikana tu.

Tena, harusi si mlango wa kila mtoto. Wengi wanazaliwa kabla mahari haijakamilika, na wengine nje ya ndoa kabisa. Kipimo cha kisigino hakimuulizi mtu cheti.

Ugumu wake ni mwingine: majibu yarudi kadi ilikotoka. Kadi inaweza kufika Mwanza kwa basi kupitia Lamadi, ila mama wa Meatu aliyehamia kwa dada yake msimu wa kilimo, na namba yake ya simu imebadilika, atapatikanaje? Mpango wa kupima bila mpango wa kumfuata mtoto ni takwimu tu.

Dawa, uloto na mkasi

Hidroksiyurea ni kidonge cha kumeza kila siku, na kinafanya jambo la kuvutia: kinaurudisha mwili kwenye hemoglobini ya kichanga, ile iliyomlinda mtoto miezi ya mwanzo. Utafiti uliohusisha watoto 606 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda ulionyesha kwamba kinapunguza maumivu, haja ya kuongezewa damu, malaria na hata vifo. Hospitali ya Muhimbili, ambako Profesa Julie Makani na wenzake walianzisha programu ya selimundu mwaka 2004, imefuatilia maelfu ya wagonjwa.

Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Hapo urithi unaingia tena: ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana na mgonjwa kiasi cha kumpa uloto, na hilo halina uhusiano na S wala A. Linaamuliwa na jeni za kromosomu ya 6.

Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha Casgevy, tiba ya kuhariri DNA ya seli za uloto. Nayo haisahihishi ile herufi T. Inakata sehemu nyingine, swichi inayozima hemoglobini ya kichanga, ili iwake tena. Bei Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa. Kwa bei hiyo, chandarua, penisilini na kadi ya karatasi vitabaki kuwa tiba ya Simiyu kwa muda mrefu.

Majibu yanapomgusa baba

Mshauri wa wagonjwa ana mtihani ambao vitabu vya biolojia haviuelezi vizuri. Mtoto amekutwa SS, mama AS. Baba anaitwa apimwe, na majibu yanasema AA. Kwa hesabu tuliyoipiga juu, chumba kizima kinanyamaza.

Kipimo hicho, hata hivyo, hakikuwa cha ubaba. Kinachofanyika hospitali ni kutenganisha aina za hemoglobini kwa umeme, si kusoma DNA. Masuala ya ubaba yamo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na maabara yake ni ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Makosa ya kawaida nayo ni mengi. Wapo wanaoleta kadi ya kundi la damu, O au B, wakidhani ndiyo jibu la selimundu. Hayo ni mambo mawili tofauti. Wapo waliopimwa kwa njia ya haraka inayosema tu kama S ipo, isiyotofautisha AS na SS. Na yupo aliyeongezewa damu baada ya ajali ya pikipiki, ambaye kwa wiki kadhaa mashine itakuwa inasoma damu ya mchangiaji pamoja na yake. Kwa hiyo kabla ya kusema lolote kwa mume na mke, mshauri mwenye uzoefu humgeukia baba na kumuuliza kama ameongezewa damu katika miezi mitatu iliyopita, na akijibu ndiyo, hupangiwa tarehe nyingine ya kupima.